Toyota 86 yenye kilomita chache: namna ya kuikagua kabla hujatoa hela

Tangazo lake unalijua. "Toyota 86, namba E, imetembea kilomita 38,000 tu, rangi ya kiwandani, haina longolongo, maongezi kidogo yapo." Chini yake kuna picha nane, sita kati ya hizo zimepigwa jua likizama, na hakuna hata moja inayoonyesha uvungu wa gari. Bei iko juu kuliko ya 86 nyingine sokoni, na sababu ni namba moja tu: ile ya kilomita.

Mwongozo huu unaishughulikia namba hiyo. Kwanza ithibitishwe kuwa ni ya kweli. Halafu, na hapa ndipo wengi hawafiki, ijulikane itakugharimu kiasi gani hata ikiwa ya kweli, maana gari lililotembea kidogo ni gari lililosimama sana, na kusimama nako kunaharibu. Mimi nikiwekewa mezani 86 mbili, moja ya kilomita 90,000 yenye kumbukumbu za matengenezo na nyingine ya 30,000 isiyo na hata karatasi moja, nachukua ya 90,000 bila kufikiri mara mbili.

Gari lenyewe

Toyota 86 na ndugu yake Subaru BRZ zilianza kuuzwa Japan mwaka 2012, zote zikitoka kiwanda kimoja cha Subaru mkoani Gunma. Injini ni FA20 ya Subaru, cc 1998, silinda nne zilizolala mbili huku mbili kule. Kipenyo cha silinda ni milimita 86, na mwendo wa pistoni ni milimita 86 vilevile. Mgandamizo ni 12.5 kwa 1, ambao ni mkubwa, kwa hiyo gari linataka petroli yenye okteni ya juu. Muulize muuzaji anaweka mafuta gani na usikilize anavyojibu. Nguvu ni kama farasi 200 na zinakwenda magurudumu ya nyuma.

Namba ya chasisi ya 86 huanza na ZN6, ya BRZ huanza na ZC6. Mwaka 2016 zilibadilishwa sura, bampa la mbele na taa. Mwaka 2021 ikaingia GR86 ya lita 2.4, ambayo ni gari jingine kabisa, kwa hiyo dalali akikutajia bei ya GR86 ili ya kwake ionekane rahisi, mrudishe kwenye ZN6.

Jambo moja la kukumbuka unapokwenda kulitazama: boneti ya gari hili ni ya aluminiamu. Sumaku haishiki pale, na hilo si dalili ya pati, yaani dongo la kuzibia mabonde. Nimeona watu wakibishana juu ya jambo hili mbele ya gari ambalo halikuwa na kosa.

Hatua ya kwanza: karatasi, kabla ya nauli

Usifunge safari kabla hujatumiwa picha ya namba ya chasisi na ya kadi ya gari. Muuzaji wa kweli hana sababu ya kuificha chasisi. Ukishaipata, omba vitu vitatu: karatasi ya mnada wa Japan, cheti cha kuliondoa gari kwenye usajili wa Japan kwa ajili ya kusafirishwa nje, na kitabu cha matengenezo kama kipo.

Karatasi ya mnada ndiyo yenye habari nyingi. Juu kabisa pana daraja. Gari la 4.5 au 5 ni safi, 4 ni zuri lenye mikwaruzo ya kawaida, 3.5 linahitaji macho. Ukikuta R au RA, gari liligongwa likatengenezwa. R si mwisho wa dunia, lakini haiwezi kuuzwa kwa bei ya 4.5. Pembeni pana herufi ya hali ya ndani, A hadi D. Kisha kuna mchoro wa gari lililofunuliwa kama karatasi, umejaa alama: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Tarakimu inayofuata herufi inaonyesha ukubwa, 1 ndogo, 3 kubwa. Kwenye kilomita, ukiona nyota au alama yoyote ya ajabu karibu na tarakimu, wakaguzi wa mnada hawakuiamini namba hiyo. Na wewe usiiamini.

Karatasi hizi hughushiwa. Kuna kampuni za Japan na za mtandaoni zinazothibitisha kumbukumbu za mnada kwa namba ya chasisi kwa ada ndogo. Ada hiyo ukiilinganisha na bei ya gari ni hela ya soda, ilipe.

Miaka ya Kijapani isikutishe. Ukiona Heisei 25, jumlisha 1988 upate 2013. Reiwa 2, jumlisha 2018 upate 2020. Maandishi mengine yaelekezee kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri.

Kwa upande wa nyumbani Tanzania, kadi ya gari iwe halisi na jina lililomo liwe la mtu unayezungumza naye, au awe na hati ya wakili inayompa mamlaka ya kuuza. Kadi ikiwa "iko benki" au "iko kwa jamaa mmoja", gari limewekwa rehani, na deni hilo linaweza kukufuata. Angalia deni la faini za barabarani kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, na hakiki stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Aliye Kenya atafute taarifa za gari NTSA kupitia eCitizen. Benki ikiwa na haki juu ya gari, itaonekana pale.

Ukiambiwa "kaka, hii ilikuwa ya mzungu wa ubalozi, alikuwa anaendesha Jumapili tu", furahi halafu uliza swali la pili. Gari la ubalozi huingia nchini bila ushuru, na likiuzwa kwa raia wa kawaida ushuru unalipwa. Karatasi za malipo hayo ziko wapi?

Hatua ya pili: kilomita

Kurudisha kilomita za dashibodi ya kidijitali ni kazi ya fundi mwenye kompyuta na muda mfupi. Kwa hiyo dashibodi yenyewe si ushahidi. Ushahidi unautafuta kwingine, na unataka ushahidi wa aina mbalimbali unaokubaliana.

Japan gari jipya hukaguliwa likifika miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Cheti cha ukaguzi huo huchapwa kilomita za siku hiyo na za ukaguzi uliotangulia. 86 ya 2013 basi ina vituo vya 2016, 2018, 2020 na kuendelea. Ziandike kwenye mstari mmoja pamoja na kilomita za mnada. Gari lililosoma 21,000 mwaka 2016 na 52,000 mwaka 2018 haliwezi kuwa na 38,000 leo. Fungua boneti na milango, utafute stika za kubadilisha oili ambazo gereji za Japan hubandika zikiwa na tarehe na kilomita. Wanaorudisha kilomita mara nyingi huzisahau.

Kisha soma gari lenyewe. Kwenye tairi kuna tarakimu nne ndani ya duara lililobinuka: 1813 maana yake wiki ya 18 ya mwaka 2013. 86 nyingi za daraja la juu zilitoka kiwandani na Michelin Primacy HP za 215/45R17. Ukizikuta zile za kwanza bado zipo, zina tarehe inayolingana na mwaka wa gari, na kashata zake bado ni ndefu, umepata ushahidi mzuri kuliko maneno yoyote kwamba gari limetembea kidogo. Ushahidi huohuo unakuambia kwamba tairi zote nne ni za kutupa. Mpira wa miaka kumi na zaidi umekauka hata kama una kina, na kwenye gari jepesi linalosukuma nyuma, mvua ya kwanza ya masika itakuonyesha.

Angalia ukingo wa nje wa kiti cha dereva, upande wa mlango. Kiti cha 86 ni cha chini na kina mabega, kila anayeshuka hukisugua pale. Kilomita 38,000 haziwezi kukichana. Angalia raba za pedali, ngozi ya usukani saa tisa na saa tatu, kitasa cha gia, na mkanda wa dereva: uvute mpaka mwisho uone kama kingo zimetoa nyuzi. Pitisha kidole kwenye ukingo wa diski ya breki. Diski za kwanza za gari lililotembea kidogo hazina ngazi kubwa pale pembeni. Kiti kipya kilichoshonwa upya, usukani uliovalishwa ngozi mpya na raba mpya za pedali, vyote katika gari moja linalodaiwa kutembea kidogo, ni habari tosha.

Hatua ya tatu: bodi na uvungu

Nenda mchana, gari likiwa kavu na halijaoshwa punde. Kifaa cha kupima unene wa rangi si ghali. Tafuta kinachosoma chuma na aluminiamu, kwa sababu ya ile boneti. Rangi ya kiwandani kwa kawaida husoma kati ya maikroni 80 na 150. Paneli moja ikisoma 250 imepakwa tena. Ikisoma 800, chini yake kuna pati. Kupakwa rangi bampa si hoja, bampa la 86 liko chini na matuta yetu yanajulikana. Unachotafuta ni mbavu za nyuma, nguzo za paa, na sakafu ya buti chini ya kapeti: hapo pakiwa na mikunjo au silanti iliyopakwa kwa mkono, gari lilipigwa nyuma.

Gari hili linapendwa na watu wa kuteleza kwa makusudi, huko Japan na huku. Dalili zake si ngumu. Matundu yaliyozibwa sakafuni ambapo palifungwa nondo za usalama. Matundu kwenye dashibodi ya mita za ziada. Mikwaruzo mizito kwenye kona zote mbili za nyuma. Kifuniko cha ndoano ya kuvutia kilichopotea. Muuzaji anaweza kusema ni stoki kabisa, lakini boliti zenye alama za spana kwenye shokapu na ekzosi zitamsuta. Shokapu za kurekebisha au ekzosi ya kampuni inayojulikana si kosa zenyewe. Uliza vile vya kiwandani viko wapi. Turbo au supachaja iliyofungwa baadaye kwenye mgandamizo wa 12.5, isiyo na karatasi za aliyeipangia kompyuta, mimi naiacha.

Lipandishwe kwenye lifti, si jeki ya pembeni ya barabara. Nafasi kati ya uvungu na ardhi ni kama milimita 130 tu, kwa hiyo tazama karta ya oili na bomba la ekzosi kama vimegongwa. Kutu ya juujuu kwenye ekzosi ni kawaida. Kutu inayobanduka kwa vipande kwenye mikono ya nyuma na maungio ya fremu inaonyesha gari liliishi kwenye theluji, Hokkaido au Tohoku, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi. Na kwa gari lililolala: tazama nyaya kama zimetafunwa na panya, na mpira wa bushi kama umepasuka. Bushi hazisubiri kilomita ili zizeeke.

Hatua ya nne: injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu hakutaka ukisikie.

Mlio wa ti-ti-ti sekunde chache za mwanzo ni wa kawaida kwa injini hii. Injini ikishapata moto utasikia pia mlio kama wa nyenje upande wa pampu ya mafuta ya presha kubwa. Unakera, lakini magari mengi ya aina hii yanao. Mlio mzito wa kugonga, du-du-du unaopanda na mzunguko wa injini, huo ni wa beringi za shafti. Ukiusikia, shukuru uondoke.

Sasa lile kubwa zaidi. Novemba 2018 Subaru ilitangaza kuyarudisha gereji magari yake kadhaa, yakiwemo BRZ na 86 za mwanzo, kwa sababu springi za vali zinaweza kuvunjika. Kuzibadilisha kunataka injini ishuke na kufunguliwa. Baadaye wenye magari, hasa Marekani, walilalamika kuwa injini zao zilikufa baada ya kazi hiyo: silanti iliyopakwa kwa wingi ilidondokea ndani ikaziba chujio la kunyonyea oili. Kwa gari la 2012 au 2013, ingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya Toyota au Subaru ya Japan uone kama kazi ilihitajika na kama ilifanyika.

Hapa kilomita chache zinageuka. Gari lililofanyiwa kazi hiyo mwaka 2019 na likatembea 40,000 baada yake limekwishajithibitisha. Lililofanyiwa mwaka 2019 likatembea 3,000 tu, bado halijajaribiwa. Kwa hilo la pili, mwache fundi aishushe karta ya oili achungulie chujio kabla ya mkataba, kwa gharama yako. Muuzaji akikataa, hesabu yake iko kwenye bei.

Injini ina cheni, haina mkanda wa taimingi, kwa hiyo yule anayekuambia "mkanda umebadilishwa juzi" anauza asilolijua. Chunguza pia uvujaji wa oili kwenye makava ya shafti za vali. Na uliza oili ilibadilishwa lini kwa tarehe. "Haijafika kilomita 5,000" si jibu, ikiwa hizo kilomita zimechukua miaka mitatu.

Hatua ya tano: barabarani

Chagua barabara tulivu. Barabara ya Bagamoyo asubuhi ya Jumapili inafaa. Gia ya pili huwa ngumu kidogo injini ikiwa baridi, ikishapata moto ilainike. Ikiendelea kusaga, sinkro imeisha. Simama, gia huru, kanyaga na uachie klachi taratibu: sauti inayokuja na kuondoka kwa pedali ni beringi ya klachi, tatizo la zile za mwanzo. Kubadilisha beringi kunashusha giaboksi, basi hesabu na klachi yenyewe.

Kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 utahisi gari limepungukiwa pumzi, kisha linaamka tena. Ndivyo lilivyozaliwa. Funga breki kwa nguvu kutoka kilomita 80 kwa saa, ukiangalia nyuma yako kwanza. Usukani ukitetemeka, diski zimeota kutu au zimepinda, jambo la kawaida kwa gari lililosimama. Tairi zenye bapa la kukaa mahali pamoja hutetemesha gari muda wote, si kwenye breki tu. Sikiliza difu ukiachia mafuta: mluzi unaobadilika na mwendo ni wa kuchunguzwa.

Ukirudi, lipimwe kwa mashine. Usiishie kwenye "hakuna kosa". Mwambie fundi afungue data inayoonyesha kilomita zilizotembewa tangu makosa yafutwe. Ikisoma 12, kuna mtu aliyafuta jana, na unataka kujua yalikuwa nini. Vipimo vya ndani vya kompyuta vikiwa bado havijakamilika, habari ni hiyohiyo.

Hesabu, kisha mazungumzo

Andika kila kitu ambacho gari lililosimama litakudai hata kama ni zima: tairi nne, betri, oili ya injini, ya giaboksi na ya difu, mafuta ya breki, kulanti, vichujio, pengine diski. Chukua bei za dukani za wiki hiyo, ujumlishe, halafu uweke karatasi mezani. Karatasi inapunguza bei kuliko kelele. Muuzaji mwenye gari zuri atakubali nusu ya orodha na kukataa nusu, na hapo mmefika.

Ulinganishe pia na kuagiza mwenyewe. Kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika kiko mtandaoni: unaweka aina, mwaka na cc, kinakupa kodi. Jua kwamba gari likizidi miaka minane kuna ushuru wa ziada wa uchakavu, na likizidi kumi unapanda, kwa hiyo 86 ya 2013 iliyokwisha kusajiliwa nchini inaweza kuwa nafuu hata kama bei yake inakushtua. Kenya mlango huo umefungwa kabisa kwa gari lililozidi miaka minane, ndiyo maana zile za mwanzo zilizomo nchini bei haishuki.

Usitume "kianzio cha kushikilia gari" kwa simu kwa mtu ambaye hujaona kadi yake na kitambulisho chake. Mkataba uandikwe kwa wakili, uwe na namba ya chasisi, ya injini, kilomita za siku hiyo na sentensi moja inayosema muuzaji anathibitisha kilomita hizo. Sentensi hiyo fupi huwafanya wengine wakumbuke ghafla kwamba dashibodi "iliwahi kubadilishwa". Malipo yapite benki, na uhamisho wa umiliki TRA uanze siku hiyohiyo, TIN zenu wote wawili zikiwa tayari. Kwa gari la aina hii chukua bima kubwa, na uwape kampuni ya bima orodha ya vilivyoongezwa, la sivyo ekzosi na rimu zikiibwa watakulipa za kiwandani.

Wiki ya kwanza usilifukuze. Mwaga oili yote hata kama inaonekana safi, weka 0W-20, lita 5.4 pamoja na chujio, na umwambie fundi akate kile chujio cha zamani akitandaze. Punje za chuma zinazong'aa au vipande laini vya silanti ndani yake vinakupeleka kwa fundi wa injini kabla hujaligusa tena. Kikiwa safi, pima oili kwa kijiti kila unapojaza tangi miezi mitatu ya mwanzo, kwa sababu sili zilizokaa kavu miaka mingi mara nyingi huanza kuvuja pale gari linapoanza tena kutumika kila siku.